Bei Isiyobandikwa: Nguo na Maneno katika Mitaa ya Kariakoo



Mwaka jana, katika kongamano moja lililofanyika hapa Dar es Salaam, nilimsikia mwanauchumi mmoja, mtu wa elimu na adabu ambaye jina lake sitalitaja kwa kuwa nimemwalika mwenyewe na ninamwona amekaa safu ya pili, akisema kwamba maadamu mnunuzi wa nguo katika Kariakoo hulazimika kuuliza bei, akajibiwa bei isiyo bei, akajifanya anaondoka ili aitwe tena, mji wetu utakuwa bado haujatoka katika ujima. Na ya kwamba siku kila shati litakapotundikwa na karatasi yake ya bei, kama yatundikwavyo Mlimani City tangu mwaka 2006, ndipo tutakapohesabiwa miongoni mwa miji iliyostaarabika. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi sikupiga, kwa sababu mikono yangu yote miwili ilikuwa na shughuli, mmoja umeshika karatasi na mwingine unaandika, na hayo niliyoyaandika kwa hasira siku ile ndiyo nitakayoyasoma jioni hii kwa utulivu, inshallah.

Habari za asili ya Kariakoo, na jinsi jina lake lilivyotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambao Waingereza waliwapigisha kambi mahali pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Habari za merikani iliyofumwa Massachusetts ikavaliwa hata Tabora, na za kaniki, kikoi na kanga. Habari za nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita na baraza, zilizobomolewa moja baada ya moja ili kupisha maghorofa. Na za soko alilolisanifu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021: hayo yote wenzangu wameyaandika vizuri kuliko niwezavyo, nami nayapita kama msafiri apitavyo vituo asivyoshuka.

Hoja ya kwanza ya mwenzangu ni kwamba bei ya kubandikwa ni ustaarabu. Tuulize basi ilizaliwa wapi na kwa haja ya nani. Wanahistoria wa biashara aghalabu humtaja Aristide Boucicaut, ambaye mwaka 1852 aliingia ubia katika duka la Le Bon Marché mjini Paris, akaweka bei moja kwa watu wote, akaruhusu kila mtu aingie atazame bila kulazimika kununua, na akakubali bidhaa irudishwe. Sina nia ya kumvunjia heshima marehemu huyo, ambaye kwa hakika aliwaondolea wanawake wa mji wake adha nyingi. Lakini tazameni hali iliyomzunguka: duka lilipokua hata likawa na watumishi wengi kuliko awezavyo bwana mmoja kuwasimamia, hakuwa na njia ya kumkabidhi kijana aliyeajiriwa juzi madaraka ya kupatana na mteja, kwa maana kupatana ni kazi ya mtu ajuaye mali imemgharimu nini, na aliye tayari kuibeba hasara kwa mkono wake mwenyewe. Karatasi ya bei ilizaliwa na mishahara, kabla uadilifu haujaitwa kuwa mkunga wake. Ni tadbiri ya tajiri aliye mbali na mali yake. Na pale mwenye mali anaposimama mwenyewe mlangoni pa fremu yake, fremu ambayo ameilipia kilemba kabla ya kodi, haja ya tadbiri hiyo hupungua sana. Na kwa kuwa nimelitaja neno kilemba, wanaisimu waliomo humu wasisahau kutueleza siku moja jinsi vazi la kichwani lilivyoshuka likawa malipo ya mlangoni.

Hoja yake ya pili, na hii ndiyo iliyonikera, ni kwamba bei ya kubandikwa ni neema ambayo sisi hatujaionja. Hatujaionja! Tume ya Bei iliundwa nchini humu mwaka 1973, ikapanga bei za bidhaa tele, na mtu wa rika langu hahitaji kufungua kumbukumbu za Serikali ili akumbuke matokeo yake, kwani anayaona akifumba macho: duka lenye bei zilizoandikwa kwa mwandiko mzuri juu ya rafu tupu, ilhali kitenge cha Urafiki, kilichotoka katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1968 kwenye Barabara ya Morogoro, mwendo wa basi moja tu kutoka hapo, kikiuzwa uani kwa bei ya kuruka na mtu yule yule aliyesimama dukani akitikisa kichwa. Mwaka 1983 walanguzi wakasakwa, na waliokuwa na majora ndani wakayaficha zaidi. Bei ikabaki ukutani, nguo ikaenda mvunguni. Sisemi kwamba karatasi ndiyo iliyoleta uhaba, maana ukame wa fedha za kigeni, bei ya mafuta na vita vya Kagera vilikuwa na sehemu yao, na wenzangu wa historia ya uchumi wanayajua hayo. Nasema tu kwamba ikiwa alama ya ustaarabu ni bei moja iliyoandikwa, basi tulikuwa tumestaarabika kupita kiasi mwaka ule ambao harusi zilifungwa kwa gauni la kuazima.

Hoja ya tatu, kwamba maneno ya sokoni ni upotevu wa wakati, nitaijibu kwa kisa, na wale wanaoamini kwamba kisa si burhani wanisamehe. Nilikuja mji huu kutoka Pangani mwaka 1976, kijana wa sekondari, na siku yangu ya kwanza nilinunua shati kwa muuzaji wa kando ya njia kwa bei ile ile aliyoitaja, shilingi 35, bila kutia neno, nikidhani kuwa kunyamaza ni adabu. Mama yangu mdogo, aliyekuwa akikaa Mtaa wa Mchikichi, aliligeuza shati lile ndani nje, akatazama mishono, akasema: “Umenunua vitu viwili, mwanangu, shati na elimu. Shati umepigwa, lakini elimu umeipata rahisi.” Kesho yake akanichukua hata duka moja la vitambaa, akaomba ashushiwe jora, akakifikicha kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akachomoa uzi mmoja pembeni, akaomba kiberiti, akauchoma mbele ya mwenye duka. Uzi haukuwa jivu. Ulijikunja ukawa kishanga kigumu cheusi. “Hii nailoni,” akasema. Mwenye duka hakuona haya wala hakukasirika. Aliinama, akatoa jora jingine chini ya meza, akasema, “Basi hii ndiyo pamba, mama, lakini bei yake si ile.” Akachoma uzi wa pili mwenyewe, ukanuka karatasi iliyoungua, na jivu lake likapeperuka kwa pumzi.

Nawaombeni mzingatie mambo mangapi yalijulikana katika dakika zile kumi: kwamba mnunuzi anajua nguo, kwamba muuzaji anajua kwamba anajua, kwamba kuna pamba na ya kuchanganya, na kwamba tofauti ya bei ina sababu yake. Clifford Geertz, aliyechunguza soko la Sefrou huko Moroko, alifundisha zamani kwamba katika masoko ya namna hii kitu adimu kuliko vyote ni habari, na kazi kubwa ya kila aendaye sokoni ni kuitafuta. Mama mdogo hakumsoma Geertz. Alikuwa na kiberiti.

Sasa nifike kwenye shahidi wangu mkubwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimebahatika kulipata daftari lililobaki baada ya mali yenyewe kupotea. Lilikuwa la fundi cherehani mmoja wa Mtaa wa Sikukuu, ambaye watoto wake walinipa baada ya mazishi kwa sharti la kutomtaja. Linaanza mwaka 1967 na kukoma 1994. Jalada lake limeliwa na mende, na kurasa zake zinanuka mafuta ya mashine hata leo. Kila mstari una kifua, kiuno, bega, mkono na urefu kwa inchi, na kando yake kipande cha kitambaa kisichozidi ukucha, kimebanwa kwa pini iliyoshika kutu. Mwishoni mwa 1968 utaona sketi fupi zikirudi moja baada ya moja na maneno “shusha upindo”, na asiyeijua Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, atadhani wanawake wa Kariakoo walirefuka kwa pamoja. Katikati ya miaka ya 1970 zinaingia Kaunda suti za watumishi wa Serikali na bugaluu za vijana, ambazo upana wake wa chini unapanda mwaka hata mwaka kama maji kujaa pwani. Mwaka 1982 vipande vile vya kitambaa vinageuka: hiki ni cha pazia, hiki ni cha gunia la unga lenye herufi za buluu ambazo sabuni haikuziweza. Kisha, baada ya Serikali kuruhusu mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na mitumba kurudi mjini, neno “shona” linaanza kupotea, na mahali pake linakuja “bana”, “punguza”, “fupisha”. Na pembeni mwa koti moja fundi ameandika, bila shaka kwa kustaajabu, “mwenyewe alikuwa mnene mno”.

Lakini safu niliyoisoma zaidi ya zote, nikiwa na taa usiku kucha hata wa nyumbani wakaniona nimerukwa na akili, ni safu ya bei. Humo mna tarakimu mbili: ya kwanza imekatwa kwa mstari, ya pili imebaki. Kwa mteja mgeni nafasi kati ya hizo mbili ni pana. Akirudi mara ya pili hupungua. Na aghalabu afikapo mara ya nne au ya tano hakuna tena tarakimu iliyokatwa, bali moja tu, imeandikwa kwa mkono usiositasita. Bei moja, mabibi na mabwana, ilikuwapo Mtaa wa Sikukuu! Ila haikutundikwa ukutani; ilikuwa mwisho wa safari ambayo fundi na mteja wameitembea pamoja, na ndani ya safari hiyo fundi alikuwa amejifunza kwamba huyu bega moja limeshuka na yule hapendi kubanwa kwapani.

Insafu yanidai niseme na ya upande wa pili. Ikiwa ajulikanaye hupata nafuu, basi asiyejulikana humlipia, na mimi na shati langu la shilingi 35 ni mashahidi. Mama mwenye mtoto mgongoni hana saa nzima ya kumpa muuzaji. Mabinti hushikwa mikono na wapiga debe katika Mtaa wa Kongo, jambo ambalo haliitwi maneno ya biashara kwa lugha yoyote. Na winga wa siku hizi, akuchukuaye njiani kukupeleka kwenye fremu isiyo yake katika ghorofa la nne, huongeza juu ya bei fungu lake ambalo hukuambiwa. Wahenga walikwisha kumjua waliposema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hayo yote nimeyapima, na ni kweli. Mwenzangu wa safu ya pili atasema kwamba nimekubali robo tatu ya hoja zake na kukataa hitimisho lake, na atakuwa amesema kweli. Ningemwomba tu atazame simu yake, ambako vijana wanaouza magauni kwa picha, wakiwa na kila nafasi ya kuandika bei, huandika “bei njoo inbox”. Ghorofa limekuja, simu imekuja, na maneno yamepanda ngazi yakaingia kiooni.

Nimalizie na joho hili nililolivaa, ambalo jina lake waungwana wa pwani walilitumia kabla vyuo vikuu havijafika. Nililinunua kwa bei iliyobandikwa, duka ambalo sitalitaja, na lilipofika mikono yake ilikuwa ikifunika vidole. Nikalipeleka Kariakoo kwa kijana mmoja mwenye cherehani barazani, katika moja ya nyumba chache zilizobaki na baraza. Akataja shilingi 15,000. Nikamwambia 6,000. Hakunijibu bei, alilitandaza joho magotini, akauliza, “Mzee wangu, hili utalivaa siku ngapi?” Nikamwambia moja, labda mbili kwa mwaka. “Basi sikati,” akasema. “Nalikunja kwa ndani, mshono wa mkono. Siku likimpata mrefu kuliko wewe, atalifumua. Nipe 8,000.” Nilimpa. Wale mnaokaa mbele mtaona kwamba mkono wa kushoto umekunjwa juu kidogo kuliko wa kulia. Alinipima, akaniambia ndivyo nilivyo, na kwa miaka yote hii nilikuwa sijui.