Deni la Muuaji kwa Mtoto wa Marehemu

Kifungu cha 96 cha Sheria ya Urithi ya Kenya ni kifupi na kikali. Aliyemuua mtu kwa kukusudia, akiwa na akili timamu, hana fungu katika mali ya huyo aliyemuua. Shamba, ng'ombe, nyumba ya mabati, pesa za benki: vyote vinampita, na jirani yeyote ataona ni haki. Ila marehemu haachi mali tu. Anaacha watoto, na juu yao sheria haikutoa jibu la mstari mmoja. Miaka ikipita, muuaji anaweza kutoka gerezani dhamiri ikimsuta, akaja na ombi zito kuliko la shamba: aruhusiwe kumlea mtoto aliyemfanya yatima. Mara nyingine mtoto huyo ni wa damu yake, kwa kuwa aliyeuawa alikuwa mke wake.

Ombi hilo ndilo kiini cha mhadhara huu.

Sigalagala ni mahali panapofaa kulijadili. Hapa, kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Kisumu, vijana wa chuo cha kitaifa cha ufundi hujifunza ujenzi, umeme na umakanika. Kazi za mikono hufundishwa pia katika magereza ya Kenya, ambako wafungwa hufanya mitihani ya ufundi ya serikali na kutoka na vyeti. Mazungumzo ya toba nchini huishia mara nyingi kanisani, penye machozi na vigelegele. Penye randa na mwiko swali hubadilika: huyu anayejuta, mikono yake itafanya nini kesho asubuhi, na kwa faida ya nani?

Kwa muda mrefu majuto hayakuwa na uzito wowote mahakamani. Kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilimwachia jaji hukumu moja tu kwa mauaji ya kukusudia, yaani kifo, ingawa kitanzi chenyewe hakijatumika Kenya tangu 1987. Watu waliishi miaka na mikaka wakisubiri kifo kisichokuja. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliwabadilishia adhabu zaidi ya wafungwa 4,000 wa aina hiyo ikawa kifungo cha maisha, na Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa wengine 2,747. Kisha, Desemba 14, 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumfunga jaji mikono namna ile kunakiuka Katiba. Ikataja mambo ya kupimwa kabla ya adhabu, miongoni mwao umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikiri, kama anajuta, na kama anaweza kurekebika na kuishi tena na watu.

Tangu siku hiyo majuto yamekuwa na thamani mbele ya jaji, na hapo ndipo pana hatari. Mshtakiwa ana wakili wa kumsemea. Ana barua ya kasisi wa gereza, ana vyeti vya useremala, ana afisa wa probesheni anayekwenda kijijini kuuliza kama watu watampokea. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 imewapa jamaa wa marehemu nafasi ya kusema pia, na hiyo ni hatua kubwa. Lakini mtoto aliyekuwa na miaka 3 siku ya msiba husemewa na watu wazima, ambao huenda wanavutania ardhi au wamechoka kumlisha. Anafikisha miaka 13 hajawahi kuulizwa neno. Ibara ya 53 ya Katiba inasema maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo linalomhusu. Kumrudisha muuaji katika maisha yake ni jambo linalomhusu, tena kuliko linavyomhusu chifu anayeulizwa kama kijiji kitampokea.

Je, mikono iliyoua yaweza kulea? Serikali imekwisha kulijibu swali hili bila kulitangaza. Sheria ya Magereza inamruhusu mama mfungwa kukaa na mtoto wake mdogo mpaka afikishe miaka 4, na haiwabagui waliohukumiwa kwa mauaji. Katika gereza la wanawake la Lang'ata, Nairobi, watoto hao wana mahali pao pa kulelewa mchana. Wapo akina mama waliotoa uhai wa mtu, na usiku huu wanabembeleza watoto wakiwa chini ya ulinzi wa askari. Hakuna anayedai kwamba malezi yale yanafuta hukumu. Mtoto ananyonyeshwa kwa sababu ana njaa, mama anaendelea kutumikia kifungo, na mambo hayo mawili hayachanganywi.

Yanapochanganywa, anayeumia ni mtoto. Historia ya Afrika Mashariki ina mfano mzito.

Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wana mila ya upatanisho iitwayo mato oput: muuaji anakiri, wazee wasiofungamana na upande wowote wanapatanisha, fidia inatolewa, kisha koo mbili zinakunywa pamoja maji machungu ya mzizi wa mti wa oput. Ni mila yenye busara nyingi. Lakini zamani fidia yenyewe iliweza kuwa binti. Ukoo wa muuaji ulimtoa msichana aende kuzaa katika ukoo wa marehemu, ili pengo lizibwe kwa mtoto. Baadaye mifugo na fedha vikachukua nafasi yake, na ni vyema vilichukua. Binti yule hakuua mtu. Alilipa kwa tumbo lake deni la kaka au mjomba, na huenda watu wazima walirudi nyumbani usiku ule wakiona haki imetendeka.

Mila hiyo ilitajwa tena katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Dominic Ongwen, aliyetekwa na waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) wa kaskazini mwa Uganda akiwa mtoto na kukua hadi kuwa kamanda wao, alipatikana na hatia ya makosa 61 Februari 2021 na kufungwa miaka 25 Mei mwaka huo. Majaji walikubali kwamba utoto wake ulioharibiwa upunguze adhabu, lakini wakakataa ombi la mawakili wake kwamba mila za Kiacholi ziingizwe katika hukumu. Februari 28, 2024, mahakama hiyo ikaagiza fidia ya zaidi ya euro milioni 52, ikiwemo euro 750 kwa kila mwathiriwa. Watoto waliozaliwa na wasichana waliotekwa wamo katika hesabu hiyo kama waathiriwa wenyewe. Hapo mtoto alitoka kwenye safu ya malipo akaingia kwenye safu ya wanaodai.

Rwanda nayo inatoa somo. Mahakama za kijamii za gacaca, zilizohukumu wahusika wa mauaji ya kimbari ya 1994 na kufungwa Juni 2012 baada ya kushughulikia kesi karibu milioni 2, zilimpunguzia adhabu aliyekiri, na wengi walimalizia vifungo vyao kwa kazi za jamii. Katika kijiji cha Mbyo, wilayani Bugesera, waliotoka gerezani walishiriki kujenga nyumba, na leo wanaishi jirani na walionusurika. Kukiri kunakopunguza miaka ya kifungo kuna walakini, na si kila mnusurika aliyasadiki maneno aliyoambiwa. Lakini nyumba ilibaki imesimama, iwe moyo wa mjenzi ulikuwa mweupe au la.

Hilo ndilo linalofaa kuletwa Kakamega. Bibi anayelea wajukuu kwa kuuza mboga katika soko la Khayega hahitaji kwanza kujua yaliyomo moyoni mwa aliyemuua binti yake. Anahitaji karo, sare, unga, na mtu wa kurekebisha paa. Fundi aliyetoka gerezani na cheti anaweza kuyatoa hayo yote bila kugusa mlango wa boma. Fedha ziende moja kwa moja shuleni, kupitia afisa wa watoto, na ripoti ya probesheni ieleze nyumba ya mtoto inahitaji nini kabla ya kueleza mfungwa anajisikiaje. Kukaribia kuje baadaye, ikiwa kutakuja. Mtoto aambiwe ukweli na mtu anayemwamini kabla hajausikia kwa wenzake shuleni, aulizwe kama anataka kukutana na mtu huyo, na aulizwe tena akikua, maana jibu la miaka 8 si la miaka 15. Akisema hataki kumwona, karo ya muhula unaofuata ilipwe vilevile.