Sisi Ndio wa Juu: Kijito cha Isingile na Bonde Lake

(Maelezo yaliyotolewa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu)



Nimepewa dakika chache nieleze kwa nini tunaombwa sehemu ya harambee ya mwaka huu iende kwenye kijito, wakati wengi wetu tulitegemea kusikia habari ya kisima kingine. Jibu ni fupi. Kisima kinaishi kwa bonde linalokilisha. Bonde likiharibika, tutabaki na pampu tu.

Muulize mtu wa kwetu mvua inayonyesha Rwamagasa inakwenda wapi. Atakuambia Ziwa Victoria, maana ndilo lililo karibu. Sivyo. Kijito cha Isingile, kinachopita jirani na Rwamagasa, kinapeleka maji mto Nikonga. Nikonga unashuka kusini, upande wa pori la Kigosi, mpaka kwenye maeneo oevu ya Moyowosi, na maji hayo huungana na Malagarasi kwenda Ziwa Tanganyika. Maeneo oevu hayo ya Malagarasi na Moyowosi yanatambuliwa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2000.

Maana yake ni hii: tumekaa kwenye mgongo unaogawa maji. Hakuna wilaya iliyo juu yetu ya kulaumiwa. Kila kitu kibaya kilichomo Isingile tumekitia sisi, na walio chini wanakunywa tunachowaachia.

Kule Amboni, Tanga, penye mawe ya chokaa, maji huingia mapangoni yakapotea machoni. Kwetu mwamba ni mgumu. Maji hupita juu ya ardhi, au hukaa kwenye tabaka la udongo na mawe yaliyooza. Ndiyo maana visima vifupi hupungua sana kiangazi, na ndiyo maana uchafu wa juu hauna safari ndefu kukifikia kisima.

Mimi ni mhasibu, niruhusuni hesabu moja. Milimita 1 ya mvua kwenye kilomita 1 ya mraba ni lita 1,000,000. Mvua moja ya milimita 20 ni lita milioni 20 kwa kila kilomita ya mraba. Mahali penye miti na majani, sehemu ya maji hayo huzama na kututunza hadi kiangazi. Mahali palipokatwa miti na kuchimbwa ovyo, maji hukimbia siku hiyohiyo, tena yakiwa yamebeba mchanga wa mialoni.

Mchanga huo tunaujua. Mawe yanatoka kwenye duara, yanasagwa kwenye karasha, yanaoshwa mwaloni, dhahabu inakamatwa kwa zebaki. Zebaki nyingine hupaa inapochomwa, nyingine hubaki kwenye marudio. Ikifika kwenye tope la kijito, vijidudu huigeuza kuwa sumu inayoingia kwa samaki, na kutoka kwa samaki kwa mama mjamzito na mtoto aliye tumboni. Dunia ilijifunza hilo Minamata, Japani, ambako ugonjwa wake ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020.

Simsemi mchimbaji vibaya. Wengi wetu tumesomeshwa na dhahabu. Ninachosema ni kwamba mwalo unaweza kuhama, kijito hakiwezi.

Sheria ipo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe. Na desturi ipo. Wazee wetu Wasukuma walikuwa na ngitiri, eneo linalofungwa ili majani na miti irudi. Mradi wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986, ulifufua desturi hiyo. Shinyanga waliyokuwa wakiiita jangwa iliota tena.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, alama za mita 60 ziwekwe kando ya kijito, kwa makubaliano na serikali za vijiji. Pili, mialo iliyo ndani ya alama hizo isaidiwe kuhamia juu, kwenye mabwawa yaliyosakafiwa, pamoja na vifaa vya kunasa moshi wa zebaki. Tatu, chanzo kifungwe kama ngitiri, na wanakijiji wenyewe ndio wapange walinzi.

Anayeahidi mfuko wa saruji, aahidi. Anayeahidi miche, aahidi. Kila shilingi itaandikwa, na hesabu zitasomwa hapahapa mwakani mbele yenu.

Wa chini wanatutegemea bila kutujua. Tuwape maji, tusiwape marudio.