LINDO LA ZIWA LAANZIA JABE



Mvua kubwa inyeshapo usiku katika milima ya Isare, mkazi wa Jabe hana haja ya kungoja taarifa ya habari ya asubuhi. Avukapo daraja la mto Ntahangwa, rangi ya maji humweleza yote. Mto ambao jana mtoto aliuvuka kwa miguu, leo umejaa, umekuwa mwekundu kama tofali, nao umebeba magogo ya migomba, chupa na mawe. Saa chache baadaye doa jekundu huonekana ziwani, limetanda mbele ya jiji la Bujumbura. Ndani ya doa hilo mna mashamba ya watu. Mna udongo wa juu, ule wenye rutuba, ambao mkulima wa mlimani alikuwa akiutegemea kwa maharage yake, na ambao hatauona tena.

Jabe ni mtaa wa eneo la Bwiza, katikati ya jiji. Hakuna mtumbwi unaofungwa Jabe, wala hakuna wavu unaoanikwa huko. Kwa sababu hiyo wako wasemao kwamba habari za Ziwa Tanganyika ni za wavuvi, ni za watu wa Rumonge na Nyanza-Lac, ni za wenye hoteli za ufukweni. Kauli hiyo ni ya makosa, na ushahidi wake uko bombani. Maji ya Bujumbura kwa sehemu kubwa hutekwa ziwani na shirika la REGIDESO, husafishwa, kisha husukumwa hadi mitaani. Mama wa Jabe ajazapo ndoo, amejaza ziwa. Naye amwagapo maji machafu katika mfereji ulio mbele ya nyumba, mfereji huo una njia moja tu, nayo yateremka kwenda ziwani. Kiwanda cha kusafisha maji machafu cha Buterere kipo tangu miaka ya 1990, lakini mabomba yake hayafiki katika kila mtaa, na nyumba nyingi za jiji zingali zikitumia vyoo vya shimo.

Huenda mtu akauliza: ziwa lenye ukubwa kama ule litadhurikaje kwa taka za mtaa mmoja? Swali hilo ni la haki, na lastahili kujibiwa kwa tarakimu. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa 670 hivi. Kina chake hufika meta 1,470, na duniani kote ni ziwa la Baikal peke yake, huko Urusi, lililo na kina kikubwa zaidi. Takriban sehemu moja katika kila sita za maji baridi ya juu ya nchi, ukiacha barafu, imo ndani ya ziwa hili. Lakini wingi huo wadanganya. Kutoka kina cha meta mia moja au mia mbili kwenda chini hakuna hewa ya kumfaa samaki. Uhai wote umebanana katika tabaka la juu, na aina nyingi za samaki, ambazo nyingi kati yake hazipatikani popote pengine duniani, huishi na kuzaa katika miamba ya kandokando. Tope la Ntahangwa huishia papo hapo. Hufunika mawe, huzuia mwanga, hukausha ukoga ambao samaki hao huula. Wataalamu waliopiga mbizi katika ufuko wa kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliona kwamba palipozidi tope, aina za samaki zilipungua.

Tena ziwa hili halina haraka ya kujisafisha. Mlango wake wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga, ulio Kalemie katika nchi ya Kongo. Maji yaingiayo leo hukaa humo mamia ya miaka. Sumu iingiayo leo haitaondoka kwa msimu mmoja wala kwa kizazi kimoja.

Yafaa kusema kweli kwamba si kila msiba wa ziwa umetoka milimani. Mukeke na ndagala, samaki wa maji ya wazi, wana adui wengine: nyavu zenye matundu madogo mno, na maji yanayozidi kupata joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba joto hilo huyazuia maji ya juu na ya chini kuchanganyika, na chakula cha samaki kikapungua. Hata kupanda kwa maji ya ziwa, ambako katika miaka ya 2020, 2021 na 2024 kulizitosa nyumba za Gatumba na kuyafikia majengo ya ufukweni Bujumbura, kulitokana kwanza na mvua nyingi. Wazee wanakumbuka kwamba ziwa lilipanda vivyo hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ziwa hupanda na kushuka. Ndiyo desturi yake. Tofauti ni kwamba zamani lilipopanda lilikuta matete, na sasa linapopanda hukuta vyumba vya kulala.

 Lakini usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Februari 2014 hausahauliki katika mitaa ya kaskazini. Mvua ilinyesha kwa saa chache. Vijito vilivyotoka milimani viliporomoka na matope na mawe juu ya Kamenge, Kinama na Buterere, na watu zaidi ya 60 walipoteza maisha yao wakiwa majumbani mwao. Askari walioitwa kuchimbua matope asubuhi ile walijifunza jambo ambalo halimo katika vitabu vya mafunzo: mlima ulio uchi hushambulia bila ya kutoa onyo. Kutoka kilele cha milima hiyo, kinachopita meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi ziwani, palipo na meta 770 na kitu, si mwendo mrefu. Maji hayana mahali pa kupumzika.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ya kulilinda ziwa hufanywa kwa jembe, tena mbali na ziwa. Huko Isare, kwa mradi uliogharamiwa na Benki ya Dunia tangu mwaka 2018, wakulima wamechonga matuta ya ngazi katika miteremko. Mwaka huohuo Serikali ilianzisha mpango wa kupanda miti nchini kote uitwao Ewe Burundi Urambaye, yaani nchi ivikwe nguo. Mahali pengine wakulima huchimba mifereji ya kukingama mlima, iitwayo imiringoti, na kupanda mabingobingo juu ya kingo zake ili udongo ushikwe na ng'ombe apate malisho. Mambo haya husemwa upesi, kumbe yana gharama. Familia ya mlimani ina kijishamba ambacho mtu hukimaliza kwa macho. Kumwambia mwenye kijishamba hicho achimbe mfereji ni kumwambia atoe safu kadhaa za maharage mwaka huu kwa ajili ya udongo wa miaka kumi ijayo, na kwa ajili ya maji ya watu wa Jabe asiowajua. Wengi wamekubali. Wanastahili heshima ya mjini, na mti wao ukikatwa usiku ili uwe makaa ya kuuzwa mjini, mnunuzi naye ana sehemu yake katika wizi huo.

Hapo ndipo inapokuja kazi ya askari. Sheria ya maji ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa meta 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika uwe kinga yake. Amri ya Agosti 2018 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ikawapa wafanyabiashara miezi 18 ya kumaliza akiba waliyokuwa nayo. Sheria zipo, zimeandikwa, zimetiwa sahihi. Kinachotazamwa na wananchi ni mkono unaozitekeleza. Polisi amnyang'anyaye mwanamke wa sokoni vifuko vyake kumi ametimiza wajibu wake. Lakini macho ya mtaa humfuata polisi huyohuyo mpaka kwenye ukuta wa jumba lililojengwa ndani ya zile meta 150, yaone kama atabisha hodi au atapita kwa saluti. Sheria ikiwa kali sokoni na pole ufukweni, watu hawataiheshimu sokoni wala ufukweni, na hakuna hotuba itakayowarudisha.

Vivyo hivyo kwa vijana wachimbao mchanga na mawe katika Ntahangwa. Ni kweli kwamba wanaichokoa miguu ya kingo, na kingo zikianguka huanguka na nyumba. Watu wa Nyakabiga na Mugoboka wanalijua hilo kwa machozi, na gabioni zilizojengwa kwa jasho na fedha nyingi huweza kuachwa zikining'inia. Lakini kijana huyo hupakia lori lenye mwenyewe, na mawe yake hujenga nyumba ya mtu mwenye uwezo. Kumpiga kijana na kuliacha lori liende zake si ulinzi wa mto. Afadhali paonyeshwe mahali halali pa kuchimba, na lori ndilo liulizwe karatasi.

Ziwa pia ni mpaka, na mpaka ni jambo ambalo jeshi halihitaji kufundishwa. Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kulitunza ziwa huko Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na mamlaka iliyozaliwa na mapatano hayo ina makao yake hapa Bujumbura. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika maji yake kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate kuzaa. Samaki hana pasipoti. Anayeachwa akue Kigoma aweza kunaswa na wavu haramu upande wa pili angali mchanga, na doria ya majini inayofumbia macho wavu huo imewaibia majirani pamoja na wananchi wake yenyewe.

Lakini mtu asidhani kwamba kila kitu chahitaji mapatano ya nchi nne. Askari wengi hawaishi kambini. Wana wake na watoto Jabe, Bwiza na Buyenzi, hunywa maji yaleyale na huziba pua mbele ya mifereji ileile. Katika kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi, watu wa mitaa hiyo hutoka na majembe na beleshi, wakazibua mifereji iliyojaa mchanga, mifuko na maganda. Kazi huwa nzuri, na watu hurudi nyumbani wamechoka kwa haki. Kosa ni moja, nalo hurudiwa kila mara: taka na tope lililotolewa mferejini huachwa limelundikwa palepale kandoni, kwa kuwa hakuna cha kulibebea. Jumatatu mvua hunyesha, na lundo lote hurudi lilikotoka, kisha huenda ziwani. Beleshi Jabe zipo, na mikono ipo. Linalokosekana saa tano ya Jumamosi ni gari la kuzoa lundo hilo kabla ya mvua, na katika kambi za jiji hili malori yapo.