Mazungumzo Kuhusu Alama za Tahadhari kwa Mgonjwa Aliyefanyiwa Operesheni




Mgonjwa anapotolewa chumba cha operesheni na kurejeshwa wodini, jamaa hushukuru na kuona kwamba hatari imekwisha kupita. Kushukuru ni wajibu, lakini dhana hiyo si sahihi. Utafiti uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, na kutangazwa mwaka 2018, ulionesha kwamba wagonjwa 239 walifariki, na 225 kati yao walifariki baada ya siku ya operesheni kupita. Walio wengi, basi, hawakufia chini ya kisu cha daktari.

Husemwa kwamba mgonjwa "amebadilika ghafla". Mara nyingi si ghafla. Mwili hutoa ishara kwa saa kadhaa, ila ishara hizo ni ndogo ndogo na kila moja huandikwa peke yake. Kwa sababu hiyo Morgan na wenzake, wa Uingereza, walieleza mwaka 1997 utaratibu wa kuzipa ishara hizo alama na kuzijumlisha. Mwaka 2012 Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London kilitoa utaratibu mmoja kwa nchi nzima, na mwaka 2017 kikautengeneza upya.

Vinavyopimwa ni kupumua, oksijeni katika damu, presha, mapigo ya moyo, joto la mwili na fahamu. Kipimo cha kawaida hakipewi alama. Kadiri kinavyoachana na kawaida hupewa 1, 2 au 3. Mgonjwa anayesaidiwa kwa oksijeni huongezewa alama 2.

Uchukuliwe mfano wa mtu mzima, siku ya tatu tangu operesheni ya tumbo. Anapumua mara 24 kwa dakika: alama 2. Oksijeni ni asilimia 95: alama 1. Namba ya juu ya presha ni 105: alama 1. Mapigo ya moyo ni 112: alama 2. Joto ni 38.2: alama 1. Anazungumza vyema na jamaa zake, na hapo hapana alama. Hakuna hata kipimo kimoja cha kumtisha mtu, lakini jumla yake ni 7, na 7 katika utaratibu huo ni dharura. Jumla ya 5 hutaka daktari aitwe kwa haraka na vipimo virejewe kila saa. Aidha, alama 3 katika kipimo kimoja tu yatosha kutaka mgonjwa aangaliwe.

Kupumua ndiko kunakopuuzwa zaidi, na kwa kweli hapana udhuru, kwani hakuhitaji mashine bali saa ya mkononi na dakika moja kamili. Kuandika "20" kwa kila mgonjwa bila ya kuhesabu ni kuiharibu karatasi yote.

Ifahamike pia kwamba karatasi haimtibu mtu. Katika jaribio lililofanywa nchi 28 za Afrika na kutangazwa mwaka 2021, wagonjwa walio katika hatari zaidi walipangiwa kupimwa mara nyingi zaidi, kulazwa karibu na wauguzi na kukaa na jamaa zao. Vifo havikupungua. Si haki kuhitimisha kwamba kuhesabu ni kazi bure; linalodhihirika ni kwamba muuguzi anayeona 7 saa nane za usiku lazima awe anajua nani wa kumwita, na anayeitwa afike, akiwa na dawa, damu na mahali pa kumpeleka mgonjwa. Wakuu wa idara wanaopanga zamu na fedha wanahusika hapa sawa na muuguzi.

Utaratibu huu haukuwekwa kwa watoto walio chini ya miaka 16 wala kwa wajawazito. Hao wana karatasi zao.

Jamaa anayekaa kitandani hahitaji kujua alama hizo. Akiona mgonjwa anahema, amechanganyikiwa, anatokwa na jasho la baridi, hapati mkojo, au analala kiasi cha kutoamshika baada ya dawa ya maumivu, amwarifu muuguzi wakati huo huo, bila ya kungoja daktari apite asubuhi.