Feni Iliyotolewa Katika Mashine



Mashine ya ofisini ikifa, haizikwi yote. Mafundi wa Kakoba, mjini Mbarara, na wenzao wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1958 katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Isingiro, hutoa ndani yake nyaya, mota na ile feni ndogo ya mraba iliyokuwa ikiipoza. Askari mwenye mshahara wa kuhesabu hana sababu ya kuidharau feni hiyo.

Lakini feni hiyo haikutengenezwa ikae peke yake. Sanduku la mashine ndilo lililozuia vidole vya mtoto visifike kwenye mapanga. Ndilo lililofunika vichwa vya waya vilivyo wazi. Na, kubwa kuliko yote, skrubu zilizoishikilia ndizo mara nyingi zilizouunganisha mwili wake wa chuma na waya wa ardhi. Fundi akizifungua skrubu hizo, ulinzi wote umebaki nyuma.

Hatari hiyo yawahusu askari polisi kwa namna ya pekee. Wengi wao nchini Uganda wameishi katika vibanda vya mviringo vya mabati viitwavyo yunipoti. Jua likipanda, kibanda huwa tanuri, na feni huonekana kuwa neema. Lakini bati hupitisha umeme. Waya uliochunika ukigusa ukuta huo, nyumba nzima yaweza kushika umeme, na atakayeshika mlango akiwa pekupeku juu ya ardhi yenye maji ndiye atakayerushwa, pengine mtoto wake.

Basi kabla ya plagi kuchomekwa, maandishi ya feni yasomwe. Umeme wa majumbani Uganda ni wa volti 240. Feni iliyoandikwa 220 hadi 240, yenye herufi AC, yafaa. Iliyoandikwa 115 ilitengenezewa umeme kama wa Marekani, nayo itaungua. Iliyoandikwa 12 na herufi DC ni ya betri. Kwa nyumba ya Nakivale inayotegemea umeme wa jua, hiyo ndiyo bora, kwani yaweza kufungwa kwenye betri ya volti 12, mradi fyuzi iwepo.

Feni ya volti 240 yenye mwili wa chuma sharti ipewe waya wenye nyaya tatu ndani. Wa kahawia ni wa moto, wa buluu ni nyutro, wa kijani na manjano ni wa ardhi, nao ukazwe kwa skrubu kwenye chuma chenyewe, rangi ikiwa imekwanguliwa. Soketi isiyo na waya wa ardhi haifai kwa feni hiyo. Viungo vifichwe ndani ya kisanduku, si kwa utepe peke yake, na wavu uwekwe pande zote mbili. Fyuzi ya ampea 13, inayokuja na plagi nyingi, ni kubwa mno: feni ya wati 20 haili hata ampea moja. Ya ampea 3 yatosha, nayo huungua kabla ya waya mwembamba kushika moto.

Feni ikinguruma bila kuzunguka, izimwe na plagi itolewe. Kuyasukuma mapanga kwa kidole ili ianze, kama wafanyavyo wengine, ni kujitafutia jeraha. Mota iliyokwama hupata joto, nayo isiachwe katika umeme usiku hali mwenyewe yuko zamu.