Gundi Nyingi Iliua Injini ya Kinu



Leo tuongee juu ya injini ya dizeli ya kinu cha posho. Kikundi kimoja tunachotembelea kilifungua injini yake kwa sababu ilikuwa ikivuja oili. Ikafungwa upya, ikanguruma vizuri. Wiki ya tatu ikaanza kugonga, halafu ikakwama kabisa. Watu wakamshuku mweka hazina, eti kanunua vipuri duni na chenji kaweka mfukoni. Kikundi kilikuwa karibu kuvunjika.

Injini ilipofunguliwa tena, tukakuta vipande vya silikoni vimeziba chujio la oili kule chini. Oili haikupanda, bearingi zikaungua. Mweka hazina hakuwa na kosa. Kosa ni gundi kupita kiasi, na sisi tuliosimama pale tukimharakisha fundi tulichangia.

Basi tufundishane.

Kwanza, gasketi. Hii huziba nafasi kati ya vyuma viwili ili oili, maji na moshi visipenye. Gasketi ya hedi ikishabanwa mara moja hairudii umbo lake, kwa hivyo nunueni mpya. Kwa kawaida hufungwa kavu, bila silikoni. Kwangueni mabaki ya zamani polepole bila kuchubua chuma, kisha mpanguse mafuta yote.

Pili, silikoni. Itumike tu pale kitabu cha injini kinaposema. Wekeni uzi mwembamba, kama milimita 2 au 3. Mkiona imefurika nje, jueni na ndani imefurika vilevile. Ngojeni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu ndipo mtie oili.

Tatu, kulainisha. Injini iliyofungwa kavu hujila yenyewe dakika za kwanza. Pakeni oili safi kwenye silinda, pistoni, ringi, na bearingi upande ule unaogusa shafti. Mgongo wa bearingi uwe safi na mkavu. Zungusheni kwa mkono kabla ya kuwasha.

Nne, boliti za hedi. Zikazwe kidogo kidogo, zamu kwa zamu, mkivuka upande huu na ule, mpaka kipimo cha kitabu kifike. Zikiwa nyingi, anzeni katikati mwende nje. Spana ya kipimo mnaweza kuazima.

Kile kikundi kilimwomba mweka hazina msamaha mbele ya mkutano, kikachanga upya pesa za bearingi. Iliwauma, lakini kinu kinasaga.

Kazi tunayowaachia ni hii: chagueni watu wawili wakae na fundi mpaka mwisho, waandike kwenye daftari kila kipuri, na risiti ibandikwe hapo. Na fundi asiharakishwe. Haraka haraka haina baraka.

Haya, nani ana swali?