Robine ya Wote, Funguo ya Nani?

Maneno yaliyosomwa Baraka katika mkutano mkuu wa wanachama, kwa niaba ya timu inayotembea mitaani na vijijini



Tumeombwa kuzungumza juu ya maji, tukapewa dakika ishirini. Prezida alituambia tusilete makaratasi ya kubandika ukutani. Hatukuleta. Tutasema tu, na mutusamehe kama pengine tutasema kwa ukali, maana tunasema na wazazi wetu.

Kuna neno tunalolisikia karibu kila avenyu tunayopita: "Ninyi watu wa mashirika, maji yamepungua wapi? Si ziwa hili hapa?" Wana haki ya kuuliza. Tanganyika ina urefu wa kilometa 673, na kina chake kinafika mita 1,470. Karibu sehemu moja ya sita ya maji baridi yote yaliyo juu ya ardhi bila kuganda, duniani kote, iko humo. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa kama hilo ukimwambia maji ni haba, atakucheka.

Sasa mumuulize mama mwenye mtoto mgonjwa kama atampa yale ya ziwa. Maji ambayo unampa mtoto bila kuogopa yanataka chanzo kilichofunikwa juu mlimani, bomba, tanki, dawa ya klorini, robine, na mtu wa kuamka usiku bomba likipasuka. Hayo ndiyo tunayo machache. Jirani zetu wa Uvira walishalipa bei ya kujua jambo hili. Watafiti walifuata rejista za wagonjwa wa kolera za pale Uvira kuanzia 2009 hadi 2014, wakazilinganisha na siku ambazo mashine ya maji ya mji ilifanya kazi na siku ambazo haikufanya. Waliona kwamba mashine ikisimama, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaozidi mara mbili ya kawaida wanaletwa kituoni. Ziwa halikuhama siku hizo. Lilikuwepo palepale, na watu walikwenda kuchota humo.

Kwa hiyo tunaposema robine inavuja, tusiichukue kama habari ya usafi wa kiwanja. Ni habari ya kolera.

Tufanye hesabu kidogo. Walio na simu wanaweza kutufuata kwa simu, wazee watatufuata kwa kichwa, na tunajua nani atafika mbele. Kanuni ambazo mashirika yote ya dharura yanazifuata zinasema mtu mmoja apate angalau lita 15 kwa siku, na robine moja isihudumie watu zaidi ya 250. Maana yake, robine hiyo itoe lita 3,750 kila siku. Ikiwa inatoa lita 7 na nusu kwa dakika, ambayo si mbaya, itabaki wazi dakika 500: masaa manane na dakika ishirini, bila mtu kupoteza hata sekunde moja kugombana juu ya nafasi kwenye mstari. Munazijua robine zetu. Tangu familia zilizokimbia upande wa Uvira na bonde la Ruzizi zifike kwetu, nani bado anaona watu 250 tu kwenye robine moja?

Sasa angalieni ile inayovuja. Hatusemi iliyopasuka. Tunasema ile yenye mpira wa ndani uliochakaa, ambayo mtoto ameifunga kwa kamba, inatiririka kauzi kembamba, kila mtu anapita. Weka kikombe cha robo lita chini yake. Kama kinajaa kwa dakika moja, basi kwa saa ni lita 15, na kwa siku ni lita 360. Hizo ni bido 18 (wenzetu waliokaa Lugufu na Nyarugusu bado wanasema dumu, tunaelewana). Ni maji ya watu 24 kwa siku nzima, yanakwenda kutengeneza matope ambamo bata wanaoga. Na ule mpira unaoziba unakatwa kwa mkasi kutoka tairi la ndani la pikipiki. Tairi lililochakaa! Kila nyumba ya mekanisia hapa Baraka ina rundo lake.

Kuna tena jambo la kuosha bido. Hili ni gumu kidogo, juu sisi wenyewe wa mashirika ndio tunaofundisha kwamba bido ioshwe kabla ya kuchota, na ioshwe kweli. Lakini tumekaa asubuhi nyingi kwenye robine tukiangalia. Mtu anafungua maji, anajaza lita mbili, anazungusha, anamwaga, anaongea na mwenzake huku robine inaendelea, halafu ndipo anaanza kuchota. Lita mbili kwa kila bido, kwa bido zote 187 za siku, ni karibu lita 375 na dakika 50 za mstari. Nusu lita, na mchanga safi au sabuni kidogo, kizibo kifungwe, bido itikiswe kwa nguvu, inatosha. Na iwe robine imefungwa wakati wa kutikisa. Ba mama wanaolinda robine wanajua hili kuliko sisi, lakini wakisema wanatukanwa: "Maji haya ni ya baba yako?"

Hapo ndipo penye kidonda. Maji haya ni ya nani?

Wengi wetu hapa tulivuka ziwa mwaka 1996 na baada yake. Tulirudi kidogo kidogo kuanzia 2005, wengine kwa meli kutoka Kigoma, wakiwa na watoto ambao hawakuwahi kuiona Congo. Kule kambini robine ilikuwa na saa zake, ilikuwa na mlinzi wake, na ikiharibika gari lilikuja. Hakuna mkimbizi aliyenunua mpira wa robine. Hatulaumu mtu, mtu aliyenyimwa ardhi, nyumba na ruhusa ya kutoka nje ya kambi, utamwambiaje bomba ni lake? Lakini tumerudi nyumbani miaka hii yote, na bado bomba likipasuka neno la kwanza ni: "Mumeshaita shirika?"

Shirika lenyewe sasa linaitwa na nani? Wale waliobaki Nyarugusu walitupigia simu mwaka 2023, mgao wa chakula ulipokatwa ukafika nusu. Mwezi wa kwanza 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 mwezi wa saba mwaka huohuo USAID ikafunga milango. Nchi hiyo peke yake ndiyo ilikuwa inatoa zaidi ya nusu ya pesa za misaada ya dharura kwa Congo. Tunayasema haya bila kulia. Tunataka tu mujue kwamba lile gari la kuja kutengeneza, safari nyingi, halina mafuta.

Tena tusiwabebeshe ba mama peke yao. Wanaochota mchana, kwa macho ya watu wote, ndio wanaosemwa. Lakini kuna robine mbili tunazozijua ambako tanki linajaa jioni na kufika saa kumi na moja asubuhi limekauka. Maji ya usiku yanakwenda kwenye matofali na kwenye kuosha pikipiki. Hatutataja jina, na wenye kujua wanajua. Tofali halihitaji maji yenye klorini. Tope la tofali linakubali maji ya mto, hata ya mtaro. Anayechota robine usiku kwa ajili ya tofali hakosi maji mengine. Anakwepa kutembea mita mia tatu, na mita hizo anamuachia mtoto wa jirani atembee asubuhi kwenda ziwani.

Mambo mengine tuyapitie haraka. Vyandarua vilivyogawiwa kwa malaria vinaonekana ufukweni vikivuta ndagala wachanga, halafu tunashangaa kwamba mukeke (Kigoma wanamwita mgebuka) amekuwa samaki wa tajiri. Mwaka 2024 wenzetu wa Tanzania walifunga uvuvi wa ziwa kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano hadi tarehe 15 mwezi wa nane, ili samaki wapumue. Na makala: katika tanuru yetu ya udongo, kilo 100 za kuni kavu zinatoa makala kilo 10 hadi 20. Mbabula ikiachwa inawaka baada ya maharagwe kuiva, ni huo mti unaendelea kuungua bure. Kila moja ya hayo lingetaka mkutano wake.

Turudi kwenye kasa, maana tunajua kuna ndugu wanangoja tuguse hapo. Kasa ya maji ilikuwa na pesa za vipuri. Leo haina. Hakuna aliyeiba, tuseme wazi, kwa sababu maneno yanatembea. Pesa zilikopeshwa kwa ajili ya kilio, kisha kwa ajili ya kilio kingine, kisha kwa ajili ya mgonjwa aliyepelekwa mbali. Nani angesimama mbele ya wafiwa aseme hapana? Hii ni mutualite, tuliianzisha kwa ajili ya shida. Ila kila mkopo uliotoka kwa huruma umetoka bila tarehe ya kurudi, na mwezi huu valvu ya tanki la juu imekatika, hakuna cha kununulia nyingine, na avenyu nne wanachota ziwani. Kama kolera ikiingia kwenye avenyu hizo, ile kasa ya kilio itakuwa na kazi nyingi.

Ba mama wa AVEC walishapata dawa ya ugonjwa huu. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu wa nyumba tatu, na ndani kuna mifuko: pesa za kukopa mbali, pesa za shida mbali. Mfuko mmoja haulishi mwingine. Hatukuona kwa nini maji yasiwe na mfuko wake humo.

Kwa wafadhili wetu, neno fupi. Musisome haya mukasema kumbe watu wa Fizi wanamwaga maji. Choo cha kuvuta maji huko Ulaya kinatumia lita 6 hadi 9 kila mara, maji safi ya kunywa. Mara mbili tu, na mtu wa hapa amekwisha maji yake ya siku. Tunachowaomba ni kingine. Inakadiriwa kuwa katika Afrika hii yetu, pampu moja kati ya nne za mkono haifanyi kazi. Karibu kila moja ilikuwa na sherehe ya ufunguzi na kibao chenye nembo. Valvu na mpira havina pa kubandika kibao, na ndiyo sababu ni vigumu kuvipatia pesa. Pesa ya robine mpya moja ikigeuzwa kuwa vipuri na mafunzo ya vijana wawili, sisi tutaichukua kwa mikono miwili. Na mashirika yanayoacha magari yakinguruma nje ya mkutano ili dereva apate baridi, nayo yaisikie hesabu ya bido.

Mkutano una mambo mawili ya kuamua leo. La kwanza, robine zifungwe kwa kufuli kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na moja asubuhi, na funguo ikae kwa nani. Maoni yetu: isikae kwa chefu, isikae kwa shirika, ikae kwa mama anayelinda robine, na jirani mmoja awe na ya pili kwa ajili ya moto au mwanamke anayezaa. La pili, mchango wa kila nyumba kwa mfuko wa maji. Kiasi mutakisema ninyi. Wajane na familia zilizofika juzi wasilipe mpaka watakapopanda na kuvuna. Hapo tutabishana na yeyote.

Jumamosi baada ya salongo tutakuwa kwenye robine ya karibu na shule, na fundi, na ufunguo wa bomba. Tutaanza na ile yenye kamba. Mwenye tairi la ndani lililochakaa alete, na mwenye mkasi pia, maana wetu ni butu.